Nilitia Maji Kwenye Chupa ya Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu, leo naomba unisaidie na wangu maana nimeubeba wiki ya tatu sasa na hata nikipiga magoti maneno yanakwama. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, fundi cherehani, nashona majoho ya kwaya na sare za shule, nimeokoka tangu ujana, na kitinda mimba wetu, mvulana, nimemlea mimi baada ya mama kufariki, nilimwogesha, nikamsomesha kwa cherehani hii hii, hata leo ana miaka thelathini na nne lakini akipiga chafya namwambia vaa sweta.

Sasa huyu mdogo wangu kazi yake ni kuchanganya vinywaji, alikaa baa ya hoteli kubwa miaka tisa, na hoteli ilipofungwa akaja kwangu na begi moja la nguo na jingine la vyombo, kopo la kutikisia, kichujio, kijiko kirefu kama sindano ya kufumia, na kikombe kidogo cha kupimia. Mshauri, baba yetu aliuawa na pombe, tulimwokota mtaroni sisi wenyewe, kwa hiyo nilipoona chupa ya jin juu ya kabati langu la vyombo nilimwambia kama unataka kukaa hapa weka mkono juu ya Biblia ya mama uape kwamba tone halitagusa ulimi wako ndani ya nyumba hii. Akaapa. Kisha akacheka, "Dada, mimi mtu wa chai kuliko wewe. Pua yangu na kikombe changu vinatosha."

Na kweli vilitosha. Alikuwa anafanya mazoezi pale pale jikoni, leo jin na ndimu na sukari iliyochemshwa, kesho jin na maji ya toniki na vipande vya tango, halafu akaanza kubuni vya kwake, akakata mchaichai wangu ulio kwenye kopo la rangi pale mlangoni akauchemsha na tangawizi na sukari, ukawa sharubati ya kuchanganyia, na sitakuficha, sharubati ile nilikuwa naidokoa kijiko kijiko natia kwenye chai. Mwonjaji alikuwa jirani yangu mwenye saluni, anakunywa kidogo, anafumba macho, anasema, "Shemeji, hapa umenitoa duniani ukanirudisha."

Basi akasikia kuna mama mwenye nyumba ya wageni anatafuta mtu wa kaunta, na yule mama akasema atakuja mwenyewe Jumamosi mchana atengenezewe vinywaji vitatu, maana anayeweza jikoni kwa dada yake ataweza popote. Ijumaa mdogo wangu akatoka kwenda kununua ndimu nikabaki na ile chupa. Sikupanga, mshauri. Nilikuwa naomba Mungu aufunge mlango ule, nikafumbua macho nikaiona, na jin haina rangi, ni kama maji, nikamwaga nusu kwenye sinki nikajazia maji ya mtungi mpaka pale pale ilipokuwa, nikaipangusa kwa kitambaa, nikarudi kumalizia sala.

Yule mama alipofika mdogo wangu alianza na kile kigumu, jin na mvinyo mkavu kidogo tu, hakuna ndimu wala sukari ya kusitiri kitu. Alipima, akanusa, harufu ilikuwepo, hakuonja kwa sababu aliniapia. Mama akanywa funda moja akaiweka glasi chini taratibu. Akajaribu cha pili, kile cha mchaichai. Akasema, "Mwanangu, mikono yako mizuri, lakini vinywaji vyako vina adabu mno. Wageni wangu wataniuliza kama nimewaletea maji ya kunawa." Cha tatu hakukisubiri.

Mdogo wangu aliimwaga ile chupa yote, akakaa kwenye stuli yangu ya kushonea, akasema, "Dada, nilipima mara mbili." Baadaye akasema, "Labda mkono umekufa." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Bwana ana njia zake." Tena Jumapili nikasimama kwenye kikundi cha akina mama nikatoa ushuhuda kwamba maombi yangu yamejibiwa, wakanipigia makofi.

Tangu siku ile kopo hajaligusa. Anabeba mifuko ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anarudi mweupe mpaka kope, anakula, analala. Jirani akimuuliza tutaonja lini anasema, "Nilikuwa najidanganya, shemeji." Juzi amevifunga vyombo vyake kwenye kipande cha kitambaa cha joho nilichompa mwenyewe, Jumamosi hii anampelekea mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikimwambia nitampoteza, nisipomwambia namwangalia akipotea, na nikimwambia akarudi kwenye kazi ile, je, si nitakuwa nimemkabidhi kwa kilichomuua baba?

Ni mimi dada yake, fundi.

*

Fundi,

Nilikuwa nakuhurumia vizuri tu mpaka nilipofika kwenye yale makofi. Hapo niliiweka barua yako chini kwanza.

Binti aliyemwokota baba yake mtaroni ana haki ya kuiogopa chupa, na hofu hiyo sikuondolei. Ulikuwa na haki pia ya kumwambia mdogo wako usoni, "Kazi hii siipendi, katafute pa kuishi." Angenuna, mngegombana, yangekwisha. Wewe ulisali kwa mdomo, kisha ukamjibia Mungu kwa mkono wako mwenyewe.

Tuseme mtu anaingia kwako, anatoa uzi kwenye cherehani, anakuwekea uliooza, rangi ile ile. Na wewe umeapa hutavuta mshono kuujaribu. Unashona majoho ya kwaya nzima, mishono imenyooka, halafu siku ya kuimba yanafumuka mabegani mbele ya watu. Ungelaumu nini? Mkono wako. Ndivyo anavyofanya yeye sasa hivi, chini ya mfuko wa saruji.

Tone moja tu angelionja angejua. Hakulionja kwa ajili yako. Mwanamume anayeshinda na chupa jikoni asiilambe, kwa sababu ya neno alilompa dada yake, huyo si baba yenu, mama. Ulikuwa na ushahidi huo mbele ya macho yako ukaujazia maji.

Sasa sikiliza. Ni leo, usingoje Jumamosi. Akirudi mwache aoge, ale, kisha mwambie, "Chupa niliitia maji mimi." Usianze na marehemu baba, usianze na Mungu, na usilie kwanza, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe. Akinyamaza, nyamaza. Akihama, mkunjie nguo zake vizuri. Na kile kiapo mfungulie, aonje kazi yake kama wewe unavyovuta mshono.

Kesho nenda kwa yule mama wa nyumba ya wageni ukaseme hayo hayo. Huenda kaunta imeshapata mtu. Basi utakuwa umechelewa, na hilo utaishi nalo. Ukitoka hapo ingia dukani, ndiyo, wewe na kilemba chako, ununue chupa kama ile uliyoiharibu, na ukikutana na mwenzako wa kikundi mlangoni, msalimie. Jumapili usimame pale pale uliposimama. Safari hii hawatapiga makofi.

Mwombee mdogo wako kila siku, sikukatazi. Ila mikono yako iwe mahali anapoiona.