Nakala ya Marehemu

Kasulu,
14 Agosti 1976

Mpendwa Dada Immakulata,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kibondo, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile jino sasa linakuacha ulale. Sisi huku hatujambo, ila masikio yangu bado yana kelele za sinema.

Ndiyo, nimekwenda sinema. Abdulrahmani mwenye duka alifunga madirisha ya ghala lake la chumvi mchana kweupe, akawasha jenereta, akatubananisha juu ya magunia. Picha ilikuwa ya Kizungu. Mwanawe Abdalah alijitia kuifasiri, na Kiingereza chake na cha mbuzi wangu ni kimoja. Mtu akipigwa risasi, yeye anatangaza kuwa amepigwa risasi, kana kwamba sisi ni vipofu.

Ni habari za miaka ijayo. Madaktari wanachukua damu ya tajiri na kuotesha mtu mwingine kama yeye, kama tunavyootesha muhogo kwa kipande cha mti. Tajiri anauawa katika kufukuzana kwa magari. Wanamvika yule wa pili nguo zake, wanampeleka kwa mkewe kimyakimya. Mke, mpumbavu asiye na mfano, anamkumbatia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisonya. Mwanamke gani hamjui mumewe? Aliolewa na sura?

Unajua kwa nini niliudhika. Tangu tumzike Melkiadi wangu, Baba Mkubwa Harerimana na wenzake wanataka nirithiwe na Venanti, kwa kuwa ni pacha wa marehemu. Walisema sitaona tofauti. Wazee wenye mvi, Dada. Na Venanti huja kwangu amevaa koti la marehemu, hukaa kwenye kiti chake. Mbele ya watu nimekuwa nikimwita kivuli.

Ndiye aliyenipeleka sinema, kwa amri yao, ili tuzoeane. Wakati wa kurudi aliniuliza kama niliuona uso wa yule mtu wa pili alipokumbatiwa. Nikamjibu kwamba nilikuwa namtazama yule mpumbavu. Akasema hakuna aliyemwuliza yule mtu kama anataka. Kisha akasimama njiani akalia, watu wakipita. Akaniambia ana mchumba huko Kabanga, anaitwa Esteri, na kwamba tangu matanga hata mama yake mzazi humwita yeye Venanti kwa jina la Melkiadi.

Melkiadi hakupata kulia mbele yangu hata siku moja. Nilimtazama Venanti nikaona ni mtu nisiyemjua kabisa. Niliona aibu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu wazee wanakuja kusikia jibu. Nitasema simtaki, lawama ziwe zangu. Njoo unisimamie, maana shamba watataka kuninyang'anya.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata padri. Kabla ya siku ile ya sinema nilikuwa nimekwisha kuamua kukubali. Nilikuwa nikimtazama Venanti mgongo akiondoka, mgongo ule ule wa Melkiadi, na kwa mgongo ule ningejiridhisha mpaka kufa kwangu. Yule mwanamke wa sinema angalau alidanganywa na watu.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mungu akufikishe salama.

Mdogo wako akupendaye,
Epifania