Maelezo ya Fundi Umeme Kuhusu Mashine ya Nyasi Iliyokuwa Ikizima

Jina: kama lilivyo kwenye jalada, kazini naitwa Fyuzi. Umri: miaka 41. Kazi: fundi umeme, karakana ya chuo. Makazi: nyumba za wafanyakazi, safu ya pili.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Marehemu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha mashine ya kukatia nyasi katika viwanja vya chuo, ile ya kukaa juu kama trekta dogo.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa 2:30 asubuhi, aliniita uwanja wa mpira. Alisema mashine inazima kila ikipita kwenye tuta, na mara nyingine haiwaki kabisa. Nilipima betri, ilikuwa nzima. Nilisugua vichwa vyake, nikakaza nyaya, nikabadilisha fyuzi ingawa haikuwa imeungua. Nikapanda mwenyewe, nikazunguka uwanja mara mbili. Haikuzima. Alipopanda yeye, ilizima kabla ya kufika golini.

"Shem, mashine imekuchoka," nilimtania.

"Hata mimi nimejichoka," alisema. Tulicheka wote wawili.

Tarehe 4 nilibadilisha swichi ya ufunguo. Tarehe 5 nilifuata waya mmoja mmoja kutoka betri hadi injini, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Sikuona kasoro. Kila nikipanda mimi inakwenda, akipanda yeye inazima. Mimi nina kilo tisini na mbili. Dada yangu husema nakula kwa niaba ya ukoo mzima.

Chini ya kiti cha mashine hiyo kuna swichi yenye springi. Dereva akikaa, uzito wake unaibonyeza na umeme unapita. Akiondoka au akianguka, swichi inaachia na injini inazima, ili visu visimkate mtu. Saa 8:00 mchana nilimwomba akae tena, nami nikachuchumaa kuangalia chini ya kiti. Springi ilikuwa haishuki sawasawa. Nilipoinua macho niliona mkanda wake una matundu matatu mapya, ametoboa kwa msumari, na ovaroli inamning'inia. Ndipo nilipoelewa kwamba swichi ilikuwa nzima. Aliyepungua alikuwa shemeji.

Nilimuuliza tangu lini. Alisema tangu mwaka jana, na kwamba dada anadhani ni vidonda vya tumbo tu. Nikamwambia aende kwa msimamizi akaombe likizo ya ugonjwa. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua.

"Na anayeyatangaza hutolewa kwenye nyumba ya kazi," alinijibu. "Wakinipima tu, dada yako atapanga vyombo barabarani. Unganisha hizo nyaya, shem. Nimewahi kukuomba nini?"

Hakuwahi kuniomba kitu. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii, na nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu. Saa 9:15 niliichomoa swichi, nikaunganisha nyaya zake mbili na kuzifunga tepu nyeusi. Kwenye daftari la karakana niliandika: "Swichi ya kiti mbovu, imetengenezwa." Huo ulikuwa uongo, na nilijua ni uongo wakati nauandika.

Mnamo tarehe 11, saa 4:40 asubuhi, nilikuwa karakana. Nilisikia mashine inakaribia mwisho wa mteremko nyuma ya maktaba, mahali ambapo kila siku alipunguza mwendo ili akate kona. Mlio haukupungua. Nilikimbia. Nilimkuta amebanwa kati ya mashine na ukuta wa mtaro, visu bado vinazunguka. Nilizungusha ufunguo. Injini ilizima mara moja, kwa kuwa haikuwa na ubovu wowote. Shemeji alikuwa ameshakata roho. Sijui kama alizimia kabla ya kuanguka. Naomba Mungu iwe hivyo.

Dada yangu ndiye aliyenileta kituoni leo. Chuo kimempa siku thelathini ahame. Ameambiwa kwamba ikithibitika mashine ilikuwa mbovu, chuo kitawajibika, na hatatolewa kwenye nyumba mpaka kesi iishe. Njiani alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye fundi. Waambie ukweli tu, inatosha." Nimekaa kwenye benchi lenu kwa muda wa saa mbili nikijaribu kujiandaa kusema kwamba mashine ilikuwa mbovu. Daftari lenyewe lingenisaidia. Kila nikitaka kuanza, naiona ile tepu. Nimeshindwa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa yote, sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami tarehe 16, kuanzia saa 5:05 asubuhi hadi saa 6:10 mchana. Nimemfahamisha shahidi kwamba kuanzia sasa atahojiwa kama mtuhumiwa, amesema anaelewa. Saa 6:20 mwanamke aliyekuwa akimsubiri nje aliingia kuuliza kama ndugu yake amesema yote. Nilimjibu ndiyo. Alinishukuru.