Kibuyu cha Alizeti Hakirudi Kitupu

Mpendwa mama mkwe wangu,

Usikimbie. Hii ni karatasi tu, na mimi niko mbali, huku Kitale, nimekaa chini ya miti ile ile na kofia nimevua. Maisha yako yote sikuwahi kukutazama usoni, na hata sasa sikutazami, natazama kalamu. Shule niliachia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu unashinda wa hawa watoto wa sekondari, na barua hii hakuna mtu amenishikia mkono. Wengine wakiisoma, waisome. Wakwe wenye vichwa vigumu tuko wengi hapa Trans-Nzoia na huko kwenu Bungoma. Labda mmoja atapona.

Nimekuandikia kukuambia jambo moja. Kibuyu chako kimerudi nyumbani, na si kitupu. Lakini kilikaribia, mama. Kilikaribia sana, na hiyo sehemu hujui yote.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuja Bungoma na wajomba zangu kumposa Nasimiyu. Sisi Wakikuyu wa Kitale tulifunzwa kusalimia watu kwa mkono, basi ulipotokea na ungo wa karanga za kukaanga nikainuka na adabu zangu zote, nikanyoosha mkono, nikatoa meno yote nje. "Habari yako, mama!" Ulitupa ungo. Uliingia kwenye migomba kama mtu aliyekanyaga nyoka, na karanga zikabaki uani kuku wakizigombania. Ndugu yake Nasimiyu akashika kichwa. "Wewe bana! Mama mkwe hasalimiwi kwa mkono! Hata macho hayakutani!" Ilibidi nitoe mbuzi wa kuosha ile aibu, na wajomba walinicheka kutoka kwenu mpaka Kitale.

Basi tukaishi hivyo. Ukija kututembelea, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Nikija kwenu, wewe unazunguka nyumba. Binti yetu wa pili tulimpa jina lako, maana kwetu wa kwanza anaitwa kwa mama ya mume na wa pili kwa mama ya mke, lakini mimi sijawahi kumwita hilo jina. Namwita Kukhu, nyanya, kama nyinyi mnavyosema. Na hapa pia sitaliandika. Adabu ninayo, hata wakisema sina.

Sasa tuongee shamba, kwa sababu wewe na mimi ni shamba lililotukutanisha.

Nasimiyu alikuwa amepanda migrevilia mistari minane katikati ya shamba langu, ati ishike udongo usiteremke mtoni. Nilikubali kwa sababu ya mapenzi, na pia miti yenyewe ilikuwa kama vidole. Ilipokuwa mirefu nikaanza kuichukia. Mimi nilikuwa mkulima wa mahindi, na sisemi kwa kujisifu, watu walitoka mpaka Moi's Bridge kuja kutazama mabua yangu. Halafu mwaka kwa mwaka mahindi yakawa mafupi, yakawa ya manjano, hata nikiweka fatalaiza ya kila gunia linalouzwa. Udongo ulikuwa umechoka. Mimi nikasema ni kivuli cha miti. Nikamwita mtu mwenye msumeno wa injini, aje Jumatatu aiangushe yote.

Wewe ulifika Ijumaa. Nadhani Nasimiyu alikuita, hajawahi kukubali. Mimi nilikuwa nanoa panga upande huu wa mstari wa miti, wewe ukaketi upande ule, ukanipa mgongo, na ukaanza kuongea. Lakini si na mimi.

"Wewe mti," ukasema, "mwambie mwenye shamba, ng'ombe ukimkamua kila siku bila kumpa nyasi, iko siku atakupa damu."

Nikaona nisipojibu nitakuwa nimeshindwa kwangu. Pale karibu kulikuwa na ng'ombe wetu mwekundu amefungwa. Nikamgeukia. "Wewe ng'ombe, mwambie mgeni nimelima hapa tangu nikiwa na meno ya utoto."

"Mti, mwambie hayo meno ya utoto yalikuwa na mahindi ya kutafuna. Haya ya sasa yanatafuna nini?"

Ng'ombe akatafuna nyasi zake, mimi nikaendelea kunoa panga. 

"Basi, mti, mwambie anipe nafasi mbili tu, hapa katikati ya mistari. Nikishindwa, huo msumeno nitaushika na mimi."

Jikoni nikasikia Nasimiyu anacheka mpaka anakohoa. Nikasema kwa ng'ombe, haya, apewe.

Nilikutazama, mama, naomba unisamehe. Si uso, mikono. Ulichukua samadi ya ng'ombe, ukachukua majani makavu ya hiyo hiyo miti niliyotaka kuua, majivu, maganda ya ndizi, ukapanga tabaka juu ya tabaka, ukamwagia maji, ukafunika na majani ya migomba. Katikati ukadunga fimbo ndefu ya mpera. Kila baada ya siku chache unaichomoa fimbo, unaishika kwa kiganja. Ikiwa na moto, unairudisha. Mimi nikauliza ng'ombe hii ni mbolea ama ni mgonjwa wa malaria.

"Mti, mwambie samadi mbichi ni kama mlevi. Si mbaya, lakini humwachii mtoto. Ngoja kwanza pombe imtoke."

Ukaniagiza, kupitia kwa mti, nikate matawi ya chini ili jua lishuke. Nikakata, nikijifanya natafuta kuni. Fimbo ilipotoka baridi, ndipo ukatoa kibuyu chako, kile cha shingo ndefu kilichofungwa na gunzi la mahindi, ukamimina mbegu nyeusi za alizeti zilizochanganywa na majivu.

Si niseme ukweli sasa? Alizeti ile ilitoka kama jeshi. Vichwa kama mfuniko wa sufuria kubwa, nyuki wanavuma mpaka unafikiri kuna gari barabarani. Watu walipouliza, nilisema ni akili yangu. Yule mtu wa msumeno nilimwambia arudi mwezi ujao, na mpaka leo anangoja huo mwezi. Kila msimu ulikuja na kibuyu, ukachagua mwenyewe mbegu za vichwa bora, ukarudi nacho Bungoma, na zilizobaki zote zikaenda kukamuliwa. Na kila msimu nilisema ni mvua imekuwa nzuri. Hata neno moja la asante sikukupa. Wala kwa ng'ombe sikulisema.

Mara ya mwisho ulikuja umeshikwa mkono na Kukhu. Ulitundika kibuyu kwenye tawi la mti wa kwanza karibu na jiko, ukapumua sana kabla ya kuongea.

"Wewe mti, miguu yangu imekataa hii safari. Mwambie mbegu hii nilipewa na mama yangu siku niliyoolewa. Kwetu imekwisha, wote wamepanda miwa. Imebaki hii tu. Aitunze, halafu anirudishie. Mwambie kibuyu cha watu hakirudi kitupu."

Nilikohoa. Ndilo jibu pekee nililokupa bila kupitia kwa ng'ombe.

Ukaondoka duniani kabla ya mvua. Siku ya mazishi nilisimama na wakwe wengine mbali, kwenye ua, kama inavyotakiwa. Watu walilia wakisema ulivyokuwa mpole na mwenye bidii. Mimi nilikuwa nafikiria kibuyu.

Sasa ile sehemu hujui yote.

Nasimiyu alibaki Bungoma kumalizia matanga, na mimi nikarudi Kitale peke yangu na kichwa changu. Nikajiambia, mwanamume mzima nitangoja fimbo iniambie ni lini nipande? Nitamwonyesha huyu mama, hata kama amelala, kwamba mkwe wake anaweza kumshinda. Nikaenda Moi's Bridge kwa mtu anayefuga kuku, nikaleta mavi ya kuku, lori nusu, bado yana mvuke. Unaona? Nilijua ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, ndiyo sababu niliyataka. Nikachimba mashimo kwenye nafasi zote katikati ya miti, nikajaza yale mavi, nikaweka mbegu zako juu yake, nikafukia. Kibuyu nilikikung'uta, nikakirudisha kwenye tawi. Jioni nikanywa chai nikijiita mkulima.

Zile chache zilizotoka zilikuwa na rangi ya mtu mwenye homa. Baada ya siku nne zilikuwa zimejikunja kama nywele zilizopitiwa na moto. Zingine hazikutoka kabisa. Nilipofukua, nilikuta ganda limeiva kwa moto wa yale mavi.

Mama, nimeona ukame, nimeona mahindi yakiliwa na viwavi mpaka mzizi. Sijawahi kuogopa shamba kama asubuhi hiyo.

Nasimiyu alirudi, akasimama pale kwa miti na kiondo bado mgongoni. "Mzee, alizeti ya mama iko wapi?"

"Ndege," nikasema. "Ndege walikuja wengi sana."

Akainama, akachukua udongo, akanusa. "Ndege wa Kitale siku hizi wananuka kuku?"

 Alienda jikoni, na kwa siku mbili nilisikia sufuria tu. Bora angenitukana.

Siku ya tatu nilishusha kibuyu nikitaka kukificha, na nikasikia kitu kinalia ndani. Chini kabisa, kwenye majivu yaliyoshikana kwa unyevu, kulikuwa na mbegu. Nilizitoa kwa kijiti, moja moja, kama mtu anayetoa funza. Thelathini na moja. Nilihesabu mara tatu, kwa sababu ya hofu na pia kwa sababu hesabu nilikuwa wa kwanza darasani.

Basi mimi, mzee huyu, nikaanza upya kama mtoto. Samadi ya ng'ombe. Majani ya migrevilia. Majivu. Maganda. Majani ya migomba juu. Fimbo yako ya mpera nilikuwa nimeitumia kufukuzia mbuzi, nikaitafuta, nikaidunga. Kila asubuhi kabla ya chai naenda kuishika. Moto. Narudisha. Nageuza lile lundo, nangoja. Moto tena. Majirani walipita wakaniuliza kama naombea mavi. Mvua kubwa ilianza na fimbo bado ina moto, wote wamepanda, na mimi nimekaa tu. Yule wa zamani angepanda. Nilimwambia yule wa zamani anyamaze.

Asubuhi moja niliichomoa na ilikuwa baridi. Baridi kama jiwe la mtoni, na inanuka msitu. Niliita Nasimiyu. Akaishika, akafumba macho kidogo, akasema, "Hii sasa ni ya mama."

Tulipanda pamoja, kila mbegu na shimo lake, kwenye nafasi ya kwanza karibu na jiko. Halafu nikangoja siku ambazo sitaki kuzikumbuka. Nilikuwa naogopa kutazama, natamani ng'ombe aende atazame badala yangu. Ni Nasimiyu aliyeniita. Ishirini na sita zilikuwa zimetoka, kila moja imebeba ganda lake kichwani kama kofia, kijani kibichi, hakuna hata moja yenye homa. Nilikaa chini hapo hapo kwenye matope na suruali ya kanisani. Sikulia. Mtu mwingine akikuambia nililia, mwambie mti aseme ukweli.

Vichwa vilipojaa nilivifunga vitambaa ndege wa kweli wasije. Nasimiyu akapiga kelele, "Mzee, hicho ni kitambaa changu cha kanisa!" Nikamwambia kiache, kinaombea alizeti.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, na hatukukamua hata punje moja. Mwaka huu nafasi zote saba katikati ya mistari minane zilikuwa za manjano, mpaka watu wa njiani walisimama. Mafuta tulikamua kwa mashine moja huko Tuwan, mazito, mekundu kidogo, ukikaanga mboga jirani anakuja bila kuitwa. Mashudu wanakula ng'ombe, ng'ombe wanatoa samadi, samadi inadungwa fimbo. Na mtu akiuliza hii ni akili ya nani, namwambia ni ya mama mkwe wangu wa Bungoma, na mimi ndiye mwanafunzi wake bora. Huko uliko huwezi kunikataza.

Wiki iliyopita tulikuja kwenu na kibuyu. Nilichagua mbegu mwenyewe, za vichwa bora, kama ulivyofanya, nikajaza mpaka shingoni. Nusu tumewagawia wake za wanao, na mmoja ameng'oa miwa kidogo kando ya nyumba apande. Kisha Nasimiyu akasema, nenda kaburini ukamwambie mama. Kuna mti wa lusiola umeota pale karibu nawe, bado mchanga. Nilitembea mpaka hapo na kibuyu, na nilipofika nikashindwa. Nitakutazamaje? Basi nikageuka. Nikakupa mgongo, nikaushika ule mti.

"Wewe mti," nikasema, "mwambie mama haikuwa ndege. Nilichoma mbegu yake mimi mwenyewe, kwa kiburi. Zilibaki thelathini na moja. Mwambie zimejaa tena. Na mwambie asante, ya miaka yote."

 Halafu nyuma yangu nikasikia sauti, na mama, nusura nikimbie, maana ilikuwa sauti yako kabisa. Nasimiyu alikuwa amenifuata. Na yeye alikuwa amenigeuzia mgongo, anaongea na mti.

"Wewe mti," akasema, "mwambie huyo mzee, mama alikijua hicho kiburi. Mama anasema fimbo imepoa."

Kwa hivyo mimi sasa nalala vizuri, nakula vizuri, na miti inasimama. Pumzika nawe, mama. Nimekugeuzia mgongo, kwa heshima yangu yote.

Mkwe wako wa Kitale,
baba yake Kukhu