Wanyama Kumi na Mmoja Bila Macho

Huruma, 3 Mei 2025

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka ghorofa ya tano, ambako maji hayajapanda tangu Jumatano lakini sisi tuko hai. Mimi ni mzima. Je, wewe waendeleaje, na mkono? Phares wa lori la mbao ameniambia unajifungia vifungo vya shati mwenyewe, nami nikafurahi hadi nikamnunulia chai na mandazi mawili.

Ulisema tangu upate kiharusi simu inakuchosha, na kwamba neno zito liandikwe. Basi neno zito ninalo.

Unakumbuka kila Jumamosi mchana nilikuwa nikijifungia na kompyuta, nawe ukidhani nina mchumba? Nilikuwa nacheza. Ni mchezo wa hadithi. Tuko wanne: mimi hapa Huruma, Anab yuko Eastleigh, Kimani Kayole, na Keynan ambaye anachinja mbuzi Kiamaiko. Hakuna anayetoka kwake. Meza yetu imo ndani ya kompyuta, na sote tunaiona kwa wakati mmoja. Mimi ndiye msimulizi. Nachora mji, naufunika kwa ukungu, na kila wanapopiga hatua naondoa ukungu kidogo waone kilicho mbele. Wao ni mashujaa, nami ni watu wengine wote: mfalme, mlinzi wa lango, hata punda. Jambo likiwa gumu, tunarusha dadu kuona kama limewezekana.

Sasa sikia. Kuna tamasha la waongozaji wa michezo hii, linaonyeshwa mtandaoni watu wakitazama. Nimechaguliwa! Tarehe 12 Julai nitaongoza mchezo mbele ya watu nisiowajua. Na unajua walichokipenda kwangu? Kete zangu, yaani picha zinazotembea mezani badala ya wahusika. Wengine hutumia picha za kununua, mimi nimepiga picha wale wanyama wako wa kuchonga kumi na mmoja waliobaki kwenye sanduku ulipougua, tulilolitoa kwenye karakana yako ya Majengo mimi na Phares. Kifaru wako anatembea mezani, Baba.

Nakungoja uniambie umefurahi.

Mwanao,
Kalekye, unayemwita Mwaitu


Wamunyu, 14 Mei 2025

Kwa Kalekye,

Salamu. Mimi sijambo. Barua imefika.

Nimesoma mpaka neno dadu, nikaikunja. Nikaifungua tena kesho yake nimalizie, kwa sababu ni yako.

Wewe hukumjua vizuri ndugu yangu Nzivo. Baba yetu alituachia tezo mbili na patasi tisa. Zote ziliishia kwenye dadu nyuma ya vibanda vya Gikomba. Tezo moja niliiona baadaye kwa mtu nisiyemjua, anachanjia kuni.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilikupa jina la mama yangu, na ndiyo maana nikakuita Mwaitu, mama yangu, tangu siku ya kwanza ulipofunguliwa shuka. Jina lile halitakaa mezani pa dadu.

Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Vumilia mwandiko.

Kilonzo


Huruma, 18 Mei 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio mgonjwa. Nimetafuta neno "Baba" mwishoni mwa barua yako, nikageuza karatasi hata nyuma. Halikuwapo. Na mimi nimekuwa Kalekye tu, kama ninavyoitwa na karani wa zahanati.

Baba, nikuambie wazi. Tamasha naweza kulikosa na nikaishi. Kuitwa hivyo na wewe siwezi.

Kwenye mchezo wetu hakuna anayeweka kitu wala anayeondoka na kitu cha mwenzake. Dadu ina pande ishirini na haipo kwa ajili ya kumnyang'anya mtu. Keynan akitaka kuruka ukuta, anairusha. Ikitoka namba kubwa ameruka, ikitoka ndogo ameanguka, nasi sote tunacheka na kumwinua. Inarushwa juu ya meza ile ile, kila mtu anaiona, hata mimi msimulizi siwezi kuificha. Ninajua ya Baba Mdogo Nzivo, na nisingeirudisha aibu ile nyumbani kwako.

Nakuomba jambo moja. Jacky mwenye duka hapo njia panda ana simu kubwa. Nimemtumia mchezo wetu mmoja mzima, ule wa Jumamosi iliyopita. Tazama kwanza, halafu unihukumu. Hata kanisani mtuhumiwa husikilizwa.

Mwanao,
Kalekye


Wamunyu, 2 Juni 2025

Kwa Kalekye,

Salamu. Sijambo.

Nimetazama. Nilikaa na simu ya Jacky mpaka akaniuliza kama nataka kununua kitu. Habari ya dadu nimeielewa nusu, nusu iliyobaki nimemwachia Mungu. Yule mchinjaji ana adabu.

Lakini liko jambo kubwa kuliko dadu. Wanyama wale hawana macho.

Umekulia kwenye vumbi la mbao. Unajua macho ni ya mwisho. Mchongaji akishakata macho ndipo kazi inatoka mlangoni, si kabla. Mnyama asiye na macho ni gogo lenye miguu. Kwa miaka thelathini na minane sijatoa hata mmoja akiwa kipofu, hata wateja waliponisimamia kichwani wakisema wana haraka. Sasa nimeugua, na wewe umewatoa kumi na mmoja mbele za watu, na watu wakasema ni kazi ya Kilonzo.

Ondoa picha zote. Wanyama mpe Phares awalete huku.

Kilonzo


Huruma, 7 Juni 2025

Kwa Baba,

Shikamoo, na pole. Sitauliza habari za mkono leo, maana nimeuona ndani ya maneno yako.

Umesema kweli yote. Nilijua. Nilipofungua sanduku niliona hawana macho, na badala ya kukuuliza nikaona hadithi. Nikatunga mji ambao mfalme wake ameiba macho ya wanyama wote, na mashujaa wanayatafuta. Watu walipenda kwa sababu hiyo. Kazi yako ambayo haijaisha niliigeuza kuwa ujanja wangu. Niliogopa ungekataa, nikapita mlango wa nyuma. Nisamehe.

Leo asubuhi nimeondoa picha zote mezani. Mahali pa kila mnyama nimeweka kiduara cha kijivu. Kimani amelalamika kwamba sasa ni kama kucheza na visoda vya chupa, nikamwambia avumilie. Tamasha nitalifanya hivyo hivyo, na watakaocheka wacheke.

Wanyama wote kumi na mmoja wamo kwenye sanduku. Nimewafunga mmoja mmoja kwa leso zangu, kifaru nimemfunga mara mbili kwa sababu ya pembe. Phares ameapa litakaa mbele kwenye kiti, si nyuma na mbao.

Sikuombi chochote. Nijulishe tu wamefika salama.

Mwanao aliyekosa,
Kalekye


Huruma, 28 Juni 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Wiki ya tatu hii. Phares anasema alikukabidhi sanduku mkononi, ukashukuru, ukafunga mlango. Kila akipita anakuta mlango umefungwa na wewe uko ndani, na hamsemi zaidi ya habari za njiani.

Usiku mmoja nimeota umewatia motoni. Kama umefanya hivyo, ni mali yako, sitalia mbele za watu. Lakini kula. Na yale mazoezi ya mkono usiyaache kwa sababu ya hasira.

Mwanao,
Kalekye


Wamunyu, 9 Julai 2025

Sasa wanaweza kuonekana.

K.


Huruma, Jumapili, 13 Julai 2025

Kwa Baba yangu, Baba yangu kabisa,

Shikamoo! Sijui nianzie wapi, mkono unakimbia kuliko kichwa. Mimi ni mzima kupita kiasi. Wewe je? Sijalala vizuri siku tatu na sijihisi mchovu hata kidogo.

Phares aliliweka sanduku mlangoni Alhamisi. Nikalifungua nikiwa nimefumba macho, nikapapasa, nikahesabu kumi na mmoja, ndipo nikatazama. Baba, nao walinitazama. Nikakaa sakafuni. Nililia sana, na Mama Eve wa mlango wa pili akaja akidhani nimefiwa. Nikamwonyesha pundamilia, naye akakaa sakafuni pia.

Na jicho la kushoto la kifaru limepanda juu kidogo kuliko la kulia. Hapo ndipo nilijua ni mkono gani ulioshika patasi.

Ijumaa baada ya kazi nikapanda nao juu ya paa, nikatandika shuka jeupe kati ya kamba za nguo, nikawapiga picha mmoja mmoja. Lakini mezani sikuwaweka. Wenzangu sikuwaambia. Niliwaficha chini ya viduara vya kijivu, nikasubiri.

Jana saa nane tukaanza. Kwaya ya kanisa la ghorofa ya chini ilikuwa na mazoezi, na mchungaji alikataa kata kata kuyasogeza. Basi nikawaambia watazamaji kwamba hiyo ni kwaya ya mfalme mwizi, na kila walipopandisha sauti Kimani alikuwa anakimbia. Watazamaji walikuwa wanaandika maneno yao pembeni, wengine wa Mombasa, wengine sijui wa wapi, na waliongezeka mpaka nikaacha kuangalia.

Saa kumi ilipokaribia, mashujaa wakafika kwenye chumba cha mfalme. Macho yamo ndani ya chungu, na chungu kiko juu ya moto. Anab akarusha dadu ili auzime moto. Namba mbili. Kimani mguu wake umeshanaswa mlangoni. Amebaki Keynan, na mrusho mmoja, na lazima itoke kumi na tano au zaidi, la sivyo macho yanaungua na hadithi imeishia hapo. Sheria ni sheria, nisingeweza kumsaidia.

Keynan akaishika dadu. Kisha akasema, mbele ya watu wote wale, "Mimi nachinja mbuzi kila siku, na sijawahi tetemeka hivi."

Akarusha. Tukaiona ikibingirika mezani. Ikagonga ukuta wa ramani, ikarudi, ikasimama. Kumi na nane.

Hapo ndipo nikafanya nililolificha. Nikaondoa ukungu wote kwa mara moja, nikaanza kugeuza viduara. Kimoja kikawa twiga, anatazama. Kimoja kikawa fisi, anatazama. Mmoja mmoja, taratibu. Kifaru nilimweka wa mwisho. Maandishi ya pembeni yakakimbia hadi hayakusomeka. Anab akasema, "Huyo kifaru anakuangalia kama mtu amesikia uongo." Keynan akauliza kwa sauti ya chini, "Hizi macho nani amechonga?"

Nikasema, "Baba yangu, Kilonzo wa Wamunyu. Ameyakata mwezi huu, kwa mkono wa kushoto."

Kwaya ikamaliza wimbo wakati ule ule, na sikuwa nimewapanga.

Wenye tamasha wamenipigia leo baada ya ibada. Wanataka niiandike hadithi yote, na wanyama wako wawemo, ili meza nyingine kila mahali ziicheze. Niliwaambia wanyama wana mwenyewe na nitamwuliza kwanza. Safari hii nauliza, Baba. Unaruhusu?

Mwanao anayecheka peke yake chumbani,
Kalekye


Wamunyu, 22 Julai 2025

Kwa Mwaitu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya, na maji yawe yamepanda. Mimi nimeamka vizuri. Mkono wa kulia unashika kikombe kikiwa nusu. Daktari amesema kitajaa.

Wewe ulidhani habari za mchezo wako ningezipata kwenye barua tu. Nilikuwa kwa Jacky, nikitazama. Tulifunga duka, yeye na mimi na watu wengine saba waliokuja kununua sukari wakabaki. Yule binti wa Eastleigh alipopata mbili, nilisimama. Mchinjaji aliposhika dadu, nikasali. Mwaitu, mimi Kilonzo, mzee wa kanisa, nilimwomba Mungu namba. Ilipotoka kumi na nane nilipiga kelele, na Jacky anasema nilirusha kofia. Jumapili nilimweleza mchungaji yote. Alifikiri kidogo, kisha akauliza mchezo mwingine ni lini.

Sasa nikueleze zile wiki nne. Ulipowaleta sikuwa na nia ya kuwakata macho. Nilitaka tu wakae nami, vipofu pamoja na mwenzao. Nilifikiri mchongaji ameisha. Kisha nikasoma tena ulivyosema kuhusu mji wa mfalme mwizi, kwamba kuna watu huko wanayatafuta macho hayo Jumamosi baada ya Jumamosi. Nikaona haya. Watu wanatafuta, na mwenye kuyajua amefunga mlango.

Nikamkamata pundamilia kwa nyayo zangu mbili, kama baba yangu alivyonifundisha kabla sijapewa patasi. Kushoto kukashika chombo. Jicho la kwanza lilinichukua siku nne. Jicho la mwisho, asubuhi moja. Jicho la kifaru unalolicheka ndilo nililoanza nalo kwake, nikaliacha lilivyo. Asirekebishwe na mtu.

Ndiyo, naruhusu. Waambie waandike Wamunyu vizuri.

Phares anakuletea kifurushi. Ndani kuna kete ya kumi na mbili, mpya, nimeichonga kwa mkono huu wa kushoto. Ni mwanamke amekaa mezani, mkono mmoja umeinuliwa kama anayesimulia. Utamjua. Utaona hana macho, na usidhani nimechoka. Chini yake nimekufungia kisu kidogo cha macho, kile cha mpini wa mpingo, ambacho sijawahi kumwachia mtu.

Kata wewe. Anza na la kushoto, usiogope likipanda juu.

Mwanao, maana wewe ni mama yangu,
Baba