Kabati la Mkwe Wangu

Shoga, mkwe wangu mtaalamu wa kompyuta kaniua leo.

Kaitengenezea kompyuta kabati la mbao, kapiga msasa, kapaka vanishi, kaziba pande zote. Ikawa inazimika kila akiongea na bosi kwa video. Bosi kamwambia ikizimika tena leo, kazi anapewa mwingine.

Siku tatu anatafuta virusi. Eti virusi.

Nikagusa kabati, moto kama pasi. "Baba, hii inapumulia wapi?"

"Mama, haya mambo ya kitaalamu."

Ya kitaalamu, shoga. Nikarudi jikoni.

Mara nasikia keekee inanguruma. Anatoboa tundu la hewa, na kompyuta imo humohumo ndani.

Sasa haizimiki tena, maana haiwaki. Bosi anapiga simu, mtaalamu kajifungia chooni.