Chupa Hazipo Tena Dukani Kwako

Soweto, Johannesburg
Agosti 2018

Baba,

Shikamoo. Nimeketi nyuma ya kaunta yako na rafu zote ni tupu. Chupa za mwisho ziliondoka Jumanne. Nilitaka habari hii uipate kwangu.

Miezi tisa imepita tangu tukuzike. Bado nikisikia mtu anakohoa nje nainua kichwa.

Ulitoka Tukuyu ukiwa kijana, ukaja kuchimba dhahabu. Kifua kilipokushinda ukapata kazi kwenye ukumbi wa pombe wa serikali, enzi zile ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kuuza pombe, serikali ndiyo iliyotuuzia. Miaka na miaka uliwamiminia watu bia ya mtama. Ulituambia kwamba siku za mshahara wanawake walisimama mlangoni kuwasubiri waume zao, nawe ulijifanya huwaoni. Ukumbi haukuwa wako.

Kisha serikali ikajitoa, biashara ikaachiwa watu binafsi. Ukumbi ukauzwa, ninyi mkaambiwa mtafute pa kwenda. Marehemu Mama akaomba leseni ya kuuza pombe kwa jina lake, kwa kuwa wewe ulikuwa mtu wa kuja, na duka likafunguliwa chumba chetu cha mbele. Siku ile ulivaa suti yako ya harusi, ukasimama mlangoni kuwasalimu wapita njia. Sijawahi kukuona na furaha kama ile.

Lakini sasa wale wanawake walikuwa majirani zako. Ukaanza kuwakatalia waume zao: peleka mshahara nyumbani kwanza, ndipo uje. Walikutukana, wakaenda kununua mtaa wa pili. Mama alilalamika kwamba hakuna duka linaloendeshwa hivyo. Ukamjibu, "Kule serikalini nilimimina tu. Hapa ni mkono wangu."

Halafu mdogo wangu Daudi, kitinda mimba wako. Alipomaliza shule ulimweka kaunta, na sote tulichelewa kuona kwamba anakunywa. Asubuhi ulipomkuta amelala katikati ya kreti, hukumpiga. Ulimwambia kwa sauti ya chini, "Toka. Usirudi na harufu hiyo."

Akatoka. Miaka kumi na moja, Baba. Alikuwa Berea, kule mjini, kwenye chumba cha kupanga na Wakongo, akibeba mizigo. Mara mbili alikuja mpaka getini, na mara mbili nilikuona umesimama nyuma ya pazia, unamtazama. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nikarudi jikoni. Ningesema tu, "Baba, mfungulie." Maneno mawili. Eish.

Hospitalini ulimwita kwa jina siku mbili mfululizo. Nilimtafuta Berea ghorofa kwa ghorofa. Nilipomleta, ulikuwa umeshafunikwa shuka.

Alikuzika yeye. Alishika koleo, hakumpa mtu mwingine, hadi udongo ukaisha. Kisha akaniomba arudi nyumbani, ila hawezi kulala kwenye nyumba yenye chupa. Wenye supamaketi kubwa pale kwenye robot, taa za barabarani, walitaka kulichukua duka pamoja na leseni. Nimewakatalia, leseni nimeirudisha. Tutauza mkate, unga na mafuta ya taa. Najua ulilipenda duka lile. Nisamehe.

Na sitakudanganya kwamba Daudi amepona. Alikaa miezi sita bila kugusa. Mwezi uliopita, chupa zikiwa bado hazijaisha, alikuja kutoka Berea amelewa, akasimama getini, akaogopa kuingia. Nilitoka, nikamshika mkono. Nikamvua viatu, nikamlaza kwenye kitanda chako. Alilia kama mtoto, akiuliza kama ulikufa ukiwa umemkasirikia. Nikamwambia jinsi ulivyokuwa ukisimama nyuma ya pazia. Alikuwa hajui.

Ataanguka tena, labda mara nyingi. Nakuahidi, Baba, kila atakapofika getini nitatoka kumpokea, hata akinuka vipi. Sikulaumu kwamba hukuweza. Nafanya hivyo kwa niaba yetu wawili.

Pumzika sasa. Daudi yuko ndani, amelala.

Binti yako,
Atupele