Dada wa Mapokezi Kaingia Sebuleni Kwangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafunga sanduku, maana mwenzio nimefika mwisho, nikikaa kwenye cherehani nashona mkono wa shati mahali pa kola. Mimi ni fundi nguo, mume wangu ni fundi wa majokofu, tuna miaka tisa ya ndoa na watoto wawili, na sikuwahi kumshuku mpaka karakana yao ilipomwajiri dada mmoja wa mapokezi mwenye kucha ndefu, ambaye akitoka kazini anajirekodi akisuka nywele na kuweka video mtandaoni. Mume wangu alimtaja mara moja tu, kwamba anapokea simu vizuri, lakini mshauri, mwanamume haanzi hivihivi kusifia simu.

Mchana mmoja mume wangu akiwa kazini nikamtafuta huyo dada kwenye runinga yetu, nikatazama video zake zote thelathini na mbili, nyingine mara mbili, nimwone ana nini ambacho mimi sina, na sikuona kitu isipokuwa hizo kucha. Tena nilikuwa na kawaida ya kupitia orodha ya video anazotazama mume wangu, kwa sababu runinga na simu zetu zinatumia akaunti moja, sikuona ubaya, mke na mume wana siri gani, hata mwezi uliopita niligundua anatazama mazoezi ya watu wenye kigugumizi, nikawasimulia wifi zangu mezani tukacheka sana, naye akacheka kidogo akaondoa sahani. Ni kweli anakwama kwenye maneno tangu utotoni, na sasa amepewa ukuu wa karakana, itabidi azungumze mbele ya mafundi wote.

Basi siku mbili baada ya mimi kumchunguza yule dada, mume wangu amekaa kwenye kochi, nawasha runinga, anayetokea wa kwanza ni yule dada na kitana chake. Kesho yake tena. Siku ya tatu video nne, zote zake. Damu ikanichemka, nikamwambia mume wangu kumbe kushinda naye kazini hakukutoshi, mpaka sebuleni unamleta. Akaapa hajawahi kumtazama. Jumamosi akafuta akaunti yetu, akaweka kwenye runinga na simu yake programu nyingine inayoonyesha video zilezile bila kujiandikisha na bila kutunza kumbukumbu ya ulichotazama, akaniambia polepole, "Mke wangu, huku hakuna anayenichungulia. Ukitaka, nitakuwekea na wewe." Mshauri, mtu asiye na la kuficha anafuta nini? Dalili ya mvua ni mawingu. Nimempa mpaka Jumamosi hii arudishe akaunti, la sivyo nabeba watoto naenda kwa kaka yangu. Je, nimekosea?

Fundi Mwenye Moyo wa Moto

*

Fundi,

Umekosea, na kwa kuwa umeniuliza sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Pole lakini. Wivu unauma kweli, na anayeumwa hachekwi. Sasa weka sanduku chini tuongee.

Nani aliyeandika jina la yule dada kwenye runinga? Ni wewe. Hiyo mitandao mikubwa ya video haimjui mke wala mume, inaijua akaunti. Imeona nyumba hii kuna mtu hashibi kumtazama msusi fulani, ikawaletea wa kuwatosha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila wewe umemsukumia mumeo ndani.

Unauliza asiye na la kuficha anafuta nini. Barua yako imeshajibu, tatizo hukuisoma kabla ya kuituma. Mtu mzima alikwenda kujifunza kusema mahali alipodhani hatachekwa, ukampeleka mezani kwa dada zake. Mimi pia ningefuta. Daftari lako lina vipimo vya viuno vya nusu ya mtaa, mama. Wateja wakisikia unalisoma kwenye chakula, atabaki nani?

Hiyo Jumamosi usiende popote. Mpe simu yako akuwekee hiyo programu, na utafute humo mishono bila kuletewa misuko. Ziko za aina hiyo kadhaa, nyingine zinaendeshwa na watu wanaojitolea. Chagueni isiyodai namba ya simu wala orodha ya watu unaowajua. Siku nyingine itagoma, vumilieni. Wala msijione mmekuwa upepo, kampuni inayowauzia intaneti bado inaona mengine. Na mkiona bado mnahitaji ule mtandao wa zamani kwa ajili ya watoto, zimeni kumbukumbu yake, na kila mtu mzima awe na akaunti yake asiyoiparamia mwenzake.

Dada wa mapokezi mwache asuke, hana habari na wewe. Wifi zako waite, mezani palepale, useme mbele ya mume wako kwamba ulimkosea. Utaona aibu, na aibu hiyo ni yako, ibebe.

Halafu mkibaki wawili, mwombe akusomee atakachowaambia mafundi wake. Akikwama kwenye neno, subiri. Usimmalizie.